Sababu Kumi na Nne za Kutomrudisha Chande

Nchi ninayotaka kuwasimulia si hii yenu. Nalisema mapema, mkono wangu ukiwa kifuani, ili asitokee mtu wa kuniita pembeni na kuniuliza nilikuwa namaanisha nini. Ni nchi ya mbali, ipo pale ambapo ramani hukunjwa, na watu wake ni wapole kupita wewe na mimi tukijumlishwa.

Watu hao wana desturi moja. Ukimuuliza mtu habari, kwanza anakujibu kuwa ni nzuri, ndipo anakueleza ubaya wake. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila nyumba inaungua, naomba ndoo." "Mzee hajambo?" "Hajambo, ila tunamzika saa kumi." Hakuna anayeshangaa. Nzuri inatangulia kama mgeni rasmi, na ila inafuata nyuma ikiwa imebeba mizigo yote.

Sasa serikali ya kule, ambayo inawapenda wananchi wake mpaka inawachosha, ilifanya utafiti kwa miaka sita. Ikagundua kwamba matatizo yote ya nchi hupatikana katika nusu ya pili ya jibu. Nusu ya kwanza ilipekuliwa na wataalamu kutoka nje, haikukutwa na tatizo hata moja. Basi ikapitishwa Sheria ya Toni Njema. Nusu ya kwanza ibaki vinywani mwa wananchi. Nusu ya pili iandikwe, nakala tatu, ipelekwe Wizara ya Toni, Staha na Maneno Laini, ikatazamwe kama ina adabu.

Siku sheria ilipotiwa saini, matatizo ya nchi yaliisha kabla ya chakula cha mchana. Zilizobaki zilikuwa barua tu.

*

Katika mji mdogo wa Kwambuja aliishi fundi baiskeli mmoja, jina lake Chande. Mtu mwembamba, mikono ya grisi, hodari wa kufunga breki za wenzake, yeye mwenyewe mdomoni hakufungwa.

Waziri wa Toni, Mheshimiwa Dokta Gaudensi Mapambio, alikuja Kwambuja kuzindua Wiki ya Kusema Vizuri. Waandalizi walimtandikia zulia jekundu mahali pazuri penye kivuli. Kwa bahati mbaya mahali hapo palikuwa pia njia ya siafu, na siafu hawakupewa taarifa ya ziara.

Mheshimiwa akasimama juu ya zulia, akakohoa kikohozi cha kitaifa, akasema, "Habari zenu, wananchi?"

"Nzuuuri!" umati ukaitikia.

"Nzuri, mheshimiwa," akaongeza Chande kutoka mstari wa mbele, "ila umesimama juu ya siafu."

Mheshimiwa akatabasamu kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Ndugu yangu," akasema, "kwanza, hiyo si toni. Raia mwema angesema, 'Mheshimiwa, nyayo zako zimepata wageni wenye hamasa.' Unaona inavyoteleza? Pili, ningependa kufafanua kwamba siafu ni..."

Ya pili haikufika mwisho. Siafu wa kwanza alikuwa ameshafika mahali ambapo hata walinzi wa waziri hawaruhusiwi kufika. Mheshimiwa akarusha mguu wa kulia. Akarusha wa kushoto. Akavua koti, akajipiga nalo mgongoni, akazunguka mara tatu akiita majina ya ndugu zake waliokufa. Bendi ya polisi, ambayo imefunzwa kufuata mwendo wa kiongozi, ikaingiza ngoma. Kina mama wakapiga vigelegele. Kesho yake gazeti la serikali likatoa picha ukurasa mzima: WAZIRI AJUMUIKA NA WANANCHI KUCHEZA NGOMA YA ASILI.

Chande akakamatwa. Na hapa ndipo ninapoisifu nchi ile kwa haki: hakuna aliyemwita mwongo. Hati ya mashtaka ilikiri wazi kwamba siafu walikuwepo, tena wengi. Kosa lake lilikuwa "kutoa taarifa ya siafu kwa toni ya mtu anayewaona siafu." Akapelekwa Chuo cha Kurekebisha Toni, akae huko mpaka sauti yake ilainike.

*

Mkewe, Stamili, angeweza kuvumilia. Amevumilia mengi kwa mtu huyo, mtayasikia. Tatizo ni kwamba binti yao Mwasiti alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata, zimebaki siku tisa, na anayetakiwa kumwozesha ni baba yake.

"Tutamwomba mjomba wa baba yako," Stamili akamwambia binti.

"Mama, mimi siozeshwi na mtu wa kuazima. Baba asipokuwepo, mwambieni Idarusi airudishe kanzu ya harusi dukani."

"Mwanangu, mpunga umeshapepetwa, mbuzi ameshaonekana, watu wameshaalikwa."

"Basi walioalikwa wale wali, wamwozeshe mbuzi."

Stamili akajifunga khanga, akaenda wizarani.

Wizara yenyewe ni jengo la ghorofa nne lililopakwa rangi ya maziwa. Mlangoni pameandikwa: TABASAMU KABLA YA KUGONGA. Dirisha namba nne alikaa binti mmoja, Edeltruda, Afisa Toni Daraja la Pili, mwenye sauti laini kama sabuni iliyolala ndani ya maji. Stamili akampa barua aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisema:

"Mheshimiwa Waziri, naomba mume wangu. Binti yetu anaolewa Ijumaa ijayo na baba yake mnaye nyinyi. Nalia usiku na mchana. Stamili."

"Itapimwa sasa hivi, mama," Edeltruda akasema. "Karibu ushuhudie. Serikali yetu ni ya uwazi."

Akampeleka chumba cha nyuma. Humo, juu ya kiti cha sofa chenye mito sita, alikuwa amelala Jaji Mstaafu Ulimbakisye, mdomo wazi, miwani kwenye paji la uso. Usingizi wake ndio mizani ya taifa. Barua husomwa mbele yake kwa sauti ya wastani. Akiendelea kukoroma, toni imefaulu, barua inapanda juu kwa waziri. Akigutuka, barua ni kali. Nchi nyingine zinatumia mashine kwa mambo ya namna hii, lakini mashine huharibika, jaji anahitaji uji tu.

Edeltruda akasoma. Alipofika "mnaye nyinyi," jaji akafumbua macho.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, baba. Lala."

Edeltruda akaichukua barua, akaigonga muhuri mwekundu: LIMEKATALIWA.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "barua yako ina maji mengi. Umelia katika ofisi ya umma."

"Sikulia, mwanangu. Nimeandika tu kwamba nalia."

"Ndiyo kulia kwa maandishi huko. Halafu unaiambia serikali 'mnaye nyinyi', kama jirani aliyekuibia kuku! Nenda pale nje chini ya mwavuli kwa Bwana Ngwali. Ana leseni ya toni zote."

*

Bwana Ngwali alikuwa mzee wa makamo, mcheshi, mwenye taipureta iliyopungukiwa na herufi moja ambayo hakuwa akiihitaji. Zamani alitangaza mpira redioni. Aliwahi kutangaza mechi ambayo timu ya taifa ilifungwa saba bila, na wasikilizaji wakatoka barabarani kushangilia. Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo serikali haiwezi kumwacha viwanjani.

"Karibu, mama, karibu kiti. Tukupe toni gani leo? Ninayo ya Shukrani, ninayo ya Unyenyekevu, ninayo ya Matumaini. Na hii mpya, Furaha Isiyo na Sababu. Ndiyo inayotoka sana mwaka huu."

"Mimi nataka mume wangu."

"Hiyo si toni, mama. Hilo ni jambo. Jambo tunaliweka mwishoni kabisa, lijifiche."

"Lisipoonekana je?"

"Likionekana ndiyo hatari yenyewe."

Akapiga taipu huku akiimba. Barua ikatoka ikinukia: "Kwa furaha inayonizidi kimo, mimi raia wako mwenye bahati, ninakuandikia nikicheka. Tangu mume wangu apate heshima ya kuchukuliwa na serikali, nyumba yangu imejaa nuru, kuku wanataga mara mbili, nami nimenenepa. Katika kilele cha raha hii, na kama haitamsumbua mtu yeyote, hata akirudi si vibaya."

Mbele ya jaji barua hiyo ilifanya maajabu. Alipoanza kusomewa alikuwa anakoroma. Ilipofika kwenye kuku, aliteleza kitini, akalala sakafuni kabisa, akamkumbatia Edeltruda mguu. Ikapewa alama tisini na nane, ikapanda juu siku hiyo hiyo.

Siku saba baadaye majibu yakashuka, yamesainiwa na Mheshimiwa Mapambio mwenyewe.

"Bi. Stamili, nimefarijika mno kusoma kwamba tangu mumeo aondoke umepata nuru, mayai na unene. Serikali sikivu haiwezi kuja kuiharibu furaha ya raia wake kwa kumletea mume. Ombi la kumrudisha LIMEKATALIWA. Ili furaha yako idumu, muda wake chuoni umeongezwa kwa miezi sita. Endelea kunenepa."

Stamili aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na nyumbani Mwasiti alikuwa ameshakataa kupakwa hina.

"Ila barua ilikuwa nzuri," Ngwali akasema kwa unyonge kutoka chini ya mwavuli.

"Nyamaza, Bwana Ngwali, kabla sijakupa toni ambayo huna."

*

Akarudi dirisha namba nne. Hakuwa na barua mkononi. Aliegemea tu kwenye dirisha, kama mtu anayengoja chumvi kwa jirani.

"Edeltruda mwanangu, nikuulize, na usinipime."

"Uliza, mama, jaji anakunywa uji."

"Huo muhuri wako mwekundu nimeuona. Wa kukubali nao upo?"

"Upo, mama."

"Nionyeshe."

Edeltruda akatazama kushoto, akatazama kulia. "Umeagizwa. Uko njiani."

"Tangu lini?"

"Nilivyoajiriwa niliukuta uko njiani."

"Na uliajiriwa lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

"Kwa hiyo miaka tisa hapa, kila anayeomba kitu mnamkatalia?"

"Siyo kila mtu, mama," Edeltruda akasema, ameumia kidogo. "Kila ombi. Watu tunawapenda."

Stamili akabaki amemtazama. Halafu, polepole, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kama kicheko kile kina kibali. Akatoka nje anafuta macho kwa ncha ya khanga, akajitupa kwenye kiti cha Ngwali.

"Weka karatasi. Andika: naomba mume wangu asirudi."

Ngwali akavua kofia. "Mama Mwasiti, jua limekupiga?"

"Andika. Asirudi Ijumaa, asirudi Jumamosi, akae huko huko mpaka chuo kiote nyasi."

Mtangazaji wa zamani akamkodolea macho. Kisha naye maana ikamwingia, taratibu, kama bao lililochelewa kuonekana. Akavuta kiti.

"Sikiliza. Ombi la kubakiza mtu lina fomu yake, namba ishirini na moja. Linataka sababu zisizopungua kumi na nne. Tutatunga mpaka kesho."

"Kutunga?" Stamili akakunja mikono ya gauni. "Kumi na nne tu?"

Na hapo, ndugu zangu, nawaomba wanaume mlio karibu mtoke kidogo mkanyooshe miguu.

"Ya kwanza. Anachemshia minyororo ya baiskeli ndani ya sufuria la pilau. Andika pilau, wasije wakadhani ni sufuria jingine. Ya pili, anasema 'nakuja sasa hivi' huku anaondoka. Ya tatu, akishikwa na mafua anagawa urithi. Ile pampu yake ya baiskeli ameshawarithisha watu kumi na mmoja, na wawili walikuja kuichukua. Ya nne, mlango wa jikoni. Bawaba ya juu imekatika, ukiufungua unakuangukia. Aliahidi kuutengeneza Mwasiti akiwa tumboni."

"Mwasiti ana umri gani sasa?"

"Anaolewa Ijumaa, Bwana Ngwali. Ya tano, anacheka kabla hajamaliza kuchekesha, halafu mwisho anausahau, na mimi nabaki na nusu ya kichekesho tangu mwaka tuliooana. Ya sita..."

"Taratibu, mama. Vidole."

"Vidole gani, na hata chumbani hatujaingia? Chumbani kuna baiskeli tatu. Moja ni ya mtu aliyehamia nchi nyingine."

Wanawake waliokuwa wakipita na shughuli zao wakaanza kusimama. Mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani akasikiliza ya saba yote, ile ya kuvuta shuka lote usiku, akasema, "Shoga, weka na lile la kuuliza chumvi iko wapi na chumvi iko mkononi mwake."

"Huyo ni wa kwako."

"Wa kwangu ndiyo, lakini si ni wale wale?"

Ilipofika ya tisa, kwamba hukoroma huku akiapa kuwa hajalala, Ngwali akaacha kupiga taipu. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Hivi hilo nalo ni kosa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Muulize mkeo."

Akaandika.

Ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Karatasi ya pili ikajaa. Ilipofika ya kumi na nne, Stamili, ambaye hakuwa amevuta pumzi tangu ya sita, akageukia barabara.

"Imekwisha?" Ngwali akauliza.

"Ya kumi na nne..." akasema polepole. "Nyumba imekuwa kimya. Hakuna hata wa kumgombeza. Jana nimemgombeza kuku."

Wanawake wakatazamana. Yule wa dagaa akashusha beseni.

"Futa hiyo," Stamili akasema ghafla. "Hiyo itatuharibia. Andika kwamba anakunywa chai kwa sauti."

*

Edeltruda aliisoma barua mbele ya jaji kwa sauti ya wastani, kama sheria inavyotaka.

Kwenye sababu ya pili jaji akafumbua jicho moja. Kwenye ya tatu akalifumbua na la pili. Kwenye mlango wa jikoni akakaa wima, mito ikaanguka. Kwenye ya tisa akasimama, miguu pamoja, mikono ubavuni, jasho linamtiririka, akapaza sauti ambayo haikuwa imesikika tangu alipostaafu:

"Nisamehe, Mama Tumaini! Leo hii napanda juu ya paa kuliziba!"

"Baba, si Mama Tumaini. Ni mwananchi tu."

Lakini jaji alikuwa ameshapata kiatu kimoja. Akatoka nacho, akashuka ngazi za wizara, akaelekea kwake kwa mwendo wa askari. Wizara ikabaki bila mizani. Barua za nchi nzima zikasimama kwenye foleni. Wakurugenzi saba walikaa kikao cha dharura, wakajaribu kusomeana barua wao kwa wao, lakini wote walilala hata kabla ya kusomewa, ikawa vigumu kupata takwimu.

Mheshimiwa Mapambio akajibu siku ile ile, kwa hasira iliyofungwa utepe.

"Bi. Stamili, kwa heshima na taadhima, barua yako imemwamsha Jaji, imemtoa ofisini na, kwa taarifa za kiintelijensia, imempandisha juu ya paa. Toni yake haina jina katika vitabu vyetu. Ombi lako la kutaka Bw. Chande asirudi LIMEKATALIWA. LIMEKATALIWA KABISA. Atarudishwa kesho, upende usipende. Kwa adhabu, barua yako itabandikwa mlangoni kwako Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi, kwa siku saba, ili umma usome na ujifunze jinsi ambavyo hatuandiki."

Stamili akasoma mpaka "Ijumaa", akasimama hapo. Kisha akaona afadhali aibu yenye mume kuliko heshima yenye kuku.

*

Chande alishushwa na gari la serikali Alhamisi adhuhuri, nguo zimenyooshwa, cheti mkononi. Stamili alikuwa mlangoni.

"Mke wangu mpendwa," Chande akasema kwa sauti ya asali, "nafsi yangu imejawa na shukrani kwa fursa hii adhimu ya kuiona sura yako."

Stamili akamshika paji la uso. "Unaumwa?"

"La hasha. Nimeelimika. Nimefuzu kutambua toni kumi na mbili kwa sikio."

"Ingia ndani ule, zitakutoka."

Zilimtoka tatu kwa mchuzi, na nyingine alipomwona Mwasiti. Binti alimrukia shingoni, halafu akakimbia kwenda kupakwa hina kabla haijakauka.

Ijumaa saa mbili kamili walikuja maafisa watatu na ndoo ya gundi. Wakabandika barua kwenye mlango wa mbele, kurasa zote mbili, herufi zimekuzwa ili hata wenye macho mabovu wanufaike. Wakapiga saluti, wakaondoka. Halafu wageni wa harusi wakaanza kufika.

Kwa kuwa mlango ndio huo huo, ilibidi kila mtu asome ndipo aingie. Wanawake walisoma kwa sauti, kwa zamu, wakigongeana mikono. "Jamani, ya saba! Ya saba hii mnaijua?" "Tunailalia kila siku!" Wanaume walisoma kimya, wakafika ya tisa, wakakumbuka kwamba kulikuwa na kitu wamekisahau nyumbani. Mwenyekiti wa mtaa alimvutia Bwana Ngwali pembeni, akamnong'oneza kama anaweza kuandikiwa barua ya kuisihi serikali isithubutu kuleta maji ya bomba Kwambuja. Ngwali akamwambia afike Jumatatu, ashike foleni nyuma ya wale wanaoikataa barabara.

Bwana harusi, Idarusi, alipofika na watu wake akitaka kupita, akakuta mkono wenye hina umetokeza dirishani.

"Bibi harusi anasema usome kwanza," akaambiwa.

Akasoma yote, kanzu mpya, jua la saa nne. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza. Kisha akageuka kwa wasindikizaji wake, uso umebadilika, akauliza kama kuna mwenye kalamu, anakili.

Chande naye akatoka, kofia kichwani, tayari kwenda kukaa na shehe, akataka kujua watu wanachekea nini mlangoni kwake. Wakampisha. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuna aliyecheka tena. Stamili akaja kusimama nyuma yake.

"Mama Mwasiti."

"Abee."

"Haya ndiyo uliyowaambia?"

"Ndiyo yaliyokutoa."

"Najua. Gari zima walikuwa wananitania, nikadhani wanazusha." Akaigusa karatasi. "Uliyatunga, siyo?"

"Niliyatunga, Baba Mwasiti. Yote."

Chande akainamisha kichwa upande, kama fundi anayesikiliza gurudumu likizunguka. Akafumba macho.

"Hiyo ni Toni ya Kubembeleza," akasema. "Namba tatu. Niliipata kwa alama za juu."

"Basi hongera."

"Na barua hii nimeijaribu kwa zote kumi na mbili, Mama Mwasiti. Hakuna inayoingia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kweli."

Stamili alimnyoosha kola ya kanzu, akampangusa alama ya grisi shingoni ambayo hata chuo cha serikali kilikuwa kimeshindwa kuitoa, akamgeuza kwa mabega kuelekea ndani.

"Shehe anakungoja. Nenda ukamwozeshe mtoto."

Chande akaenda. Alipiga hatua tatu nne, akasimama, akabadili njia. Shehe akangoja, bwana harusi akangoja, wali ukaanza kushika ukoko. Mwishowe akatumwa mtu kumtafuta baba wa bibi harusi, akarudi anacheka akiwa ameshika mdomo. Baba wa bibi harusi, akasema, yuko jikoni na kanzu yake, ameubeba mlango mgongoni, anauliza nyundo iko wapi.